Kamba za Antena Juu ya Kiti cha Mama Mkwe

Nyumba yetu ya kwanza, ile ya mbao tuliyojenga juu kidogo ya Karurumo, ilikuwa na matundu mawili kwenye ukuta wa sebule, kando ya dirisha. Wageni walidhani ni ya panya. Yalikuwa matundu ya antena, nami niliyatoboa kwa mikono yangu kwa sababu ya mama mkwe.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini na umeme haukuwa umefika kwetu. Televisheni yetu ilikuwa kuukuu, ya picha nyeusi na nyeupe, na tuliiwasha kwa betri ya gari, ambayo niliibeba kwa baiskeli hadi sokoni kila ilipohitaji kuchajiwa. Mungu alitupa mabinti wanne. Wawili wakubwa walikuwa shule za bweni, wawili wadogo walikuwa bado wanagombania kijiko.

Taabu yetu ilikuwa picha. Ilitujia kutoka pande mbili. Jua likiwaka, antena ikielekezwa upande wa Nairobi, tuliona watu hadi vifungo vya mashati yao. Ukungu uliposhuka kutoka mlimani, watu hao waligeuka chenga tupu, na ilibidi antena izungushwe upande wa Nyambene ndipo warudi. Watu wenye elimu ya mitambo wameniambia tangu hapo kwamba ukungu hauna uwezo huo. Sibishani nao. Nasimulia nilichokiona kwa miaka kumi na moja nikiwa juu ya mabati.

Maana kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilipanda ngazi, nikakumbatia mlingoti, nikauzungusha kidogo kidogo huku mke wangu akisimama mlangoni kupokea habari kutoka sebuleni na kunirushia juu. Kwa kuwa habari hizo zilichelewa njiani, mara nyingi niliambiwa hapo hapo pazuri wakati nilikuwa nimeshapapita.

Mwaka mmoja ikaja barua kutoka kwa binti yetu wa pili. Kwaya ya shule yao, huko upande wa Meru, ilikuwa imeshinda mashindano hadi ikaimba Nairobi mbele ya wakubwa, na Jumamosi fulani saa kumi jioni wangeonyeshwa kwenye televisheni. Aliandika kwamba angekuwa mstari wa mbele, na katikati ya wimbo angetoka peke yake na kayamba. Chini kabisa aliongeza: mwambieni cucu.

Cucu ni bibi. Binti huyo, kwa kuwa ni wa pili, alipewa jina la mama wa mke wangu kama ilivyo desturi yetu, na alikaa kwake Siakago tangu alipoacha kunyonya hadi alipoanza shule. Kayamba alijifunzia huko, kwa makopo ya chai yaliyotiwa ndengu. Kwa hiyo mke wangu alipompelekea mama yake habari, bibi huyo hakuuliza televisheni ni kitu gani. Aliuliza atalala wapi akija.

Ila kabla hajafunga safari alifanya jambo moja. Aliwatangazia akina mama wote wa kanisa lake kwamba angemwona mtu mwenye jina lake akiimba Nairobi, yeye mwenyewe akiwa amekaa Karurumo. Palikuwa na jirani yake mmoja, mjane wa makamo yake, ambaye waliteka maji kisima kimoja na kubishana pamoja tangu wakiwa wasichana. Jirani huyo alimwambia kwamba ndani ya kile kisanduku huonekana watu wakubwa na wazungu tu, na kwamba mjukuu wa mchunga mbuzi wa Siakago hawezi kuingizwa humo. Mama mkwe alimjibu mbele ya wote kwamba angeenda, angemwona, na akirudi angemweleza jinsi alivyosimama. Asipomwona, angekiri kushindwa pale pale kisimani.

Mke wangu aliponisimulia hayo nilicheka. Kisha nikatazama mabati na kicheko kikaisha.

Siku hizi vijana hawayajui mambo haya, kwa hiyo nayaeleza. Kwa mama mkwe wangu heshima ya ukwe haikuwa mchezo. Tulisalimiana, ndiyo, yeye akitazama chini na mimi nikitazama pembeni, lakini kila neno la maana lilipitia kwa mke wangu, hata tukiwa chumba kimoja. Akitaka kujua kama mahindi yangu yamekomaa, alimwuliza binti yake, nami nilimjibu binti yake. Sikukaa karibu naye. Sikuinama mbele yake. Na mkwe kupanda juu ya paa hali mama mkwe ameketi chini yake, akapita na miguu yake juu ya kichwa cha mama huyo, lilikuwa jambo ambalo hata kulisema sikuthubutu. Nilikuwa Mkristo aliyebatizwa na kufundishwa, na nilijua kwamba hilo si amri ya Mungu. Lakini nilijua pia kwamba heshima kwa wazazi ni amri, na mzazi huyu alipimia heshima kwa kibaba chake mwenyewe.

Nikamwendea jirani yangu, fundi wa baiskeli, nikamwomba siku hiyo anisaidie kupanda. Aliniuliza kama nimesahau kwamba tuliingia jandoni msimu mmoja, na kwamba mama mkwe wangu, kwa hiyo, ni mama mkwe wake. Ni kweli nilikuwa nimesahau. Wanaume wote wa rika letu, kutoka Karurumo hadi Kanja, walikuwa wamefungiwa paa lile kama mimi. Mke wangu kupanda mabati lilikuwa jambo lisilotajika, na mabinti wale wawili walikuwa wadogo mno.

"Basi usipande," fundi akaniambia. "Shusha paa likufuate."

Alimaanisha kitu cha kweli. Kwa siku nne, baada ya shule, tulifanya kazi hiyo pamoja. Tuling'oa mlingoti wa antena juu ya paa, tukauunganisha na bomba refu, tukausimamisha chini, nje ya ukuta wa sebule, ukapanda wima hadi juu ya mabati. Chini tuliukalisha kwenye beringi kuukuu ya gari iliyojaa grisi, na katikati ukashikwa na pete mbili za chuma. Ukiusukuma kwa kidole unazunguka. Kisha fundi akafunga ringi ya baiskeli kwenye mlingoti, usawa wa dirisha, ikilala kama sinia. Tukazungushia ringi hiyo kamba ya katani, na ncha zake mbili tukaziingiza ndani ya nyumba kupitia yale matundu. Ukivuta ncha moja, antena inageukia Nairobi. Ukivuta ya pili, inageukia Nyambene. Ili tusichanganyikiwe nilifunga gunzi la mahindi kwenye kila ncha, gunzi jeupe la Nairobi na gunzi jekundu la Nyambene.

Nilijaribu mtambo huo jioni mbili mfululizo, nikiwa nimekaa kwenye kiti kikubwa cha pale dirishani, kiti pekee ndani ya nyumba chenye mikono na mto. Niliinua mkono tu, bila hata kusimama. Vuta hivi, picha inakuja. Vuta vile, inakwenda. Mabinti wadogo walipiga makofi. Nilimshukuru Mungu kwa akili aliyoipa mikono ya fundi, na naungama kwamba nilijishukuru kidogo na mimi.

Mama mkwe akaja Ijumaa, na kiondo cha ndengu na kibuyu cha asali. Usiku ule alimwuliza mke wangu mara mbili kama kile kisanduku hulala na kuamka sawa.

Jumamosi nyumba ilijaa. Waumini wenzetu, majirani, watoto wa majirani, na kuku mmoja aliyekataa kutoka. Mimi na fundi tulikuwa nje tukiunganisha betri, na wakati huo mke wangu aliwapanga wageni. Niliporudi ndani nilikwama mlangoni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa cha dirishani. Angeketi wapi kwingine? Ndicho kiti cha heshima, ametandikiwa kitambaa cha kufuma, miguu juu ya kijigoda. Na juu ya kichwa chake, moja kila upande kama pembe za ng'ombe, yalining'inia magunzi yangu mawili.

Nilikuwa nimekimbia dhambi ya kupanda juu ya mama mkwe na badala yake nikatengeneza mtambo ambao, ili niutumie, ni lazima nimwinamie kifua kwa uso mbele ya kanisa zima. Fundi alichungulia begani mwangu, akaona, akatoka nje tena. Nilimsikia akichekea kwenye migomba.

Kumwondoa mgeni kwenye kiti alichopewa nayo ni aibu ya namna yake. Niliomba kimya kimya kwamba jua lisizame na ukungu usishuke. Kisha nikakaa kwenye benchi karibu na mlango, mbali kabisa naye.

Kwa nusu saa Bwana alituvumilia. Picha ilikuwa safi. Zikaimba shule za pwani, zikaimba za magharibi, na mama mkwe alitazama kila uso, akimwuliza mke wangu kila mara kama ni huyu. Mke wangu akamweleza kwamba hawa ni wa mbali. Halafu akaenda jikoni kuchuja chai, na ni wakati huo nilipohisi baridi mgongoni kupitia mlangoni. Nikageuka. Mlima ulikuwa umeshapotea, na migomba ya mwisho ilikuwa inapotea.

Chenga zikaanza pembeni, kama mtu anayechekecha unga. Mtangazaji akataja jina la shule ya binti yetu, na hapo hapo uso wake ukayeyuka. Sauti ilibaki. Tukasikia viatu vya wasichana vikipanda jukwaani, wote wakiwa ndani ya unga ule.

Mama mkwe aliinua mkono. Akapangusa hewa mbele yake, kama mtu anayefuta kioo.

Mwimbishaji wetu wa kanisa, mama mwenye mikono ya kazi, aliyekuwa ameketi karibu na kiti kile, aliona magunzi akaelewa. Alisimama akalivuta moja kama anayevuta ndoo kisimani. Nje tukasikia mlingoti ukilalamika. Antena ilizunguka ikapita Nairobi, ikapita kila mji ninaoujua, na hata sauti ikakatika.

"Achia," mama mkwe akamwambia. "Ndivyo mnavyofunga mbuzi huku juu?"

Watu wakacheka, mwimbishaji akacheka akaachia. Mama mkwe akainua mikono yake miwili na kushika magunzi yote, bila kuyatazama, kama mtu anayeshika vitu vyake. Lakini hakujua lipi ni lipi. Nilimwona akigeuza uso kuelekea jikoni, kumtafuta binti yake ili amwulize mkwe wake. Binti yake alikuwa na sufuria ya chai ya watu thelathini mikononi. Muda ulikuwa unakwenda. Wimbo mmoja wa kwaya hauzidi dakika chache.

Nikafanya ambacho sikuwa nimekifanya tangu siku ya harusi yangu.

"Mama," nikasema, nikimtazama. "Vuta gunzi jekundu. Polepole."

Vichwa vyote sebuleni vikanigeukia. Yeye naye alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba macho yake yalikuwa yale yale ya mke wangu.

"Lipi ni jekundu, mwanangu? Mimi naangalia kisanduku."

"La kulia."

Akavuta. Lakini hakuvuta kama mimi. Alivuta kiasi cha upana wa kidole, akangoja, akasikiliza kamba, akavuta tena kiasi hicho. Maisha yake yote alikuwa amechunga na kufunga mbuzi kwenye vichaka vya Siakago, na alijua kupitia kamba kama mnyama amegoma, amenasa au anakuja. Sauti ikarudi. Kisha weupe ukaanza kupata mabega. Kisha mabega yakapata vichwa.

Kufika hapo nikamwambia inatosha, naye akasema, akimwambia kisanduku, kwamba bado kidogo. Akaongeza mvuto wa unywele mmoja. Wasichana wote wakatokea, safi, sketi zao zimenyooka kama zimepigwa pasi dakika ile.

Wa tatu kutoka kushoto, mstari wa mbele, alikuwa wetu.

Mama mkwe alimwona kabla yetu. Hakupaza sauti. Alisema tu jina, ambalo lilikuwa jina lake mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto aje ale. Na binti yetu, kana kwamba ameitwa, akatoka mstarini na kayamba lake, akasimama peke yake mbele ya nchi nzima, akalitikisa.

Upepo wa ukungu ulikuwa umeanza kusukuma antena. Niliona kamba ikikaza. Mama mkwe aliisikia, akaishika kwa nguvu zaidi, mkono umenyooka juu, gunzi jekundu limezama kiganjani. Wenzake walipiga makofi. Yeye hakuweza. Walipiga vigelegele, naye akapiga vyake, lakini mkono ule haukushuka hata kidogo. Fundi alikuwa amerudi mlangoni, amesahau kucheka. Mke wangu alikuja na sufuria, akasimama nayo ikifuka moshi, akawatazama mama yake na mwanawe, hakujua amtazame yupi.

Wimbo ulipokwisha, binti yetu aliinama akarudi mstarini, na kwaya ikatoka jukwaani. Mama mkwe aliwasindikiza kwa macho hadi kiatu cha mwisho. Halafu akaachia kamba. Shule iliyofuata ikazama kwenye chenga.

"Hao wengine waimbie nyumbani kwao," akasema, na akaomba chai.

Sikurudisha ukimya wangu baada ya siku hiyo, wala yeye hakunidai. Heshima haikupungua. Niliendelea kukaa mbali na kiti chake na kutopita mbele yake, lakini maneno yalijifunza njia fupi. Sikuhamisha yale matundu pia. Kila alipokuja kututembelea kiti kilikuwa chake na kamba zilikuwa zake, na nyumba nzima ilitazama kile alichoruhusu. Mwanamume na mwanamke wakianza kukumbatiana kwenye picha, gunzi jeupe lilivutwa bila maelezo na wawili hao wakafunikwa na ukungu. Mahubiri yakizidi saa moja, nayo pia. Mimi, mzee wa kanisa, nilishukuru kwa yote mawili, la pili kimoyomoyo.

Tulipopata umeme, na baadaye nyumba ya mawe, wajukuu walileta kidude cha kubonyeza. Ni kizuri. Wanalalamika kwamba kinapotea. Nawaambia kwamba magunzi hayakuwahi kupotea hata siku moja.

Lakini nilitaka kumaliza habari ya kisimani. Mke wangu alimsindikiza mama yake kurudi Siakago Jumatatu ile, na ndiye aliyenisimulia. Akina mama walikuwa wakingoja, na yule jirani mjane amesimama mbele yao na mtungi wake mtupu. Mama mkwe akaeleza: mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto, sketi yenye marinda, kayamba mkono wa kulia, na goti moja lililopinda kidogo wakati wa kutikisa, kama alivyokuwa akifanya tangu utoto na makopo ya ndengu. Jirani alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba hayo yote mtu anaweza kuyasoma kwenye barua.

Mama mkwe akamsogelea. Alifungua mkono wake wa kulia akauweka mbele ya macho ya jirani. Katikati ya kiganja palikuwa na michubuko ya gunzi, kitundu kwa kitundu, na kando yake mstari mwekundu wa katani.

"Nilikuwa nimemshika," akasema.

Jirani aliushika mkono huo, akaugeuza kwenye jua, akapitisha kidole juu ya ule mstari.  Mwishowe akainua mtungi wake na kumwuliza mke wangu, siyo mama mkwe:

"Hicho kiti cha kwenu kinatosha wanawake wangapi?"